Shamba Lililofanyiwa Makumbusho

Nilisoma historia chuo kikuu kwa sababu ndilo somo nililofaulu vizuri sekondari ya Kigonsera, na nilirudi Mbinga kwa sababu serikali ilikuwa imeacha kuajiri. Mambo hayo mawili nimeyageuza kichwani mara nyingi, nikitafuta kama moja ndilo lililoleta jingine. Wenzangu waliosoma biashara walipata pa kushika. Soko huria lilikuwa limeingia, makampuni ya watu binafsi yalipanda milimani kununua kahawa, kila moja na lori lake na mzani wake, na yalihitaji vijana wa kuandika stakabadhi. Hakuna lori lililohitaji mtu wa historia. Nikakaa kwa Bibi, mama mzaa baba, nikipalilia kahawa ya baba zangu wadogo na kukwepa njia ya kanisani saa watu wanapotoka misa, maana kila mtu alikuwa na swali lilelile.

Kazi ilipokuja, ilikuja kwa mdomo wa Afisa Utamaduni, ambaye mjini na vijijini watu walimwita Bwana Utamaduni. Alikuwa amerudi kutoka semina ya Arusha, na yale aliyoyaona huko aliyasimulia katika kila kikao. Watalii, alisema, hawaishii kwa simba. Wanapenda vitu vya kale kupita tunavyodhani. Wanakwenda Bagamoyo kupiga picha kuta zilizobomoka. Wanapanda ndege ndogo hadi Kilwa kutazama msikiti usio na watu. Unguja wanalipa ili wainame ndani ya shimo walimofungiwa watumwa, kisha wanatoka wakijifuta macho na kununua vikoi. Sisi tuna nini? Ushirika umekufa, kahawa haina bei. Lakini tuna ngoro.

Kwa asiyejua, ngoro ni mashimo tunayolimia sisi Wamatengo kwenye miteremko. Mvua za masika zinapokaribia kupungua, nyasi hufyekwa na kulazwa katika mistari inayokatana, mlima mzima ukawa na miraba. Kulaza nyasi ni kazi ya wanaume. Kisha wanawake huchimba udongo katikati ya kila mraba na kuurusha juu ya nyasi, panabaki shimo katikati na matuta pande nne. Maharage hupandwa juu ya matuta, maji hutulia shimoni, nyasi huoza chini kwa chini na kuwa mbolea. Baada ya maharage hufuata mahindi, na baada ya mahindi shamba hupumzika, kisha huanza upya. Ukikaa ng'ambo ya bonde utadhani mtu ametandika wavu juu ya mlima. Hilo hata mimi nililiona zuri, ingawa nililiona kwa macho hayo baada ya kurudi kutoka Dar es Salaam.

Mpango wa Bwana Utamaduni ulikuwa na sehemu mbili. Ghala la ushirika, ambalo lilikuwa tupu, lingekuwa nyumba ya makumbusho. Halafu lingetafutwa shamba moja la ngoro kando ya barabara ya kuteremka ziwani, liwe kituo cha watalii. Mimi ningekuwa katibu na mwongozaji. Mshahara ungetoka kwenye kiingilio, watalii wakishaanza kuja.

Nilikubali siku hiyohiyo, kisha nikakesha kwa wiki nzima nikijiuliza kama nimekubali haraka mno na kuonekana mwenye njaa. Nilikumbuka pia safari yetu ya wanafunzi kwenda nyumba ya makumbusho Dar. Kulikuwa na Wazungu wengi siku ile, wakipita polepole, mikono nyuma, kama watu wanaomtembelea mgonjwa. Ndani ya kabati la kioo niliona jembe la mpini mfupi, sawasawa na la Bibi. Nilisimama pale hadi wenzangu wakaniita. Kilichonisumbua nilishindwa kukitaja. Nilidhani ni kwa sababu jembe lile lilikuwa safi.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuteremka ziwani kukusanya vyombo vya uvuvi. Nilishuka na lori la mahindi, nikamalizia kwa miguu hadi Mbaha, alikoolewa shangazi yangu, binti wa Bibi. Nilimkuta ufukweni na wanawake wenzake wakianika usipa, dagaa wa ziwani, kwenye vichanja. Nikawaamkia wakubwa, nikaulizwa habari za juu milimani, nikasema za juu ni nzuri na kwamba nimetumwa kuchukua vitu kwa ajili ya makumbusho.

Mikono ilisimama juu ya dagaa. Mwanamke mmoja akasema pole, mwanangu. Shangazi alinivuta pembeni kwa mkono wenye magamba.

“Ni nani aliyefariki huko juu? Na kwa nini mimi nipate habari wakati wa makumbusho, mazishi mlizika na nani?”

Kosa lilikuwa langu na la Kiswahili, sijui nani zaidi. Kwetu, juu na chini, makumbusho ni yale yanayofanyika mwaka mmoja hivi baada ya mazishi. Kaburi linajengewa kwa saruji, misa inasomwa, pombe inapikwa, ndugu wanatoka kila upande. Kisha matanga yanaanuliwa, mali ya marehemu inapata mrithi, na watu wanarudi kwenye kazi zao. Nyumba ya vioo niliyoiona Dar nayo inaitwa makumbusho. Nilijaribu kueleza tofauti. Nilianza na asili ya neno, nikapitia Wajerumani, nikafika kwa watalii, na nilipomaliza walikuwa wanaelewa kidogo kuliko nilipoanza. Mume wa shangazi, mvuvi mwenye maneno machache, ndiye aliyenitoa aibu. Aliingia uani akarudi na mgono wa kutegea samaki uliotoboka, kasia lililopasuka na kipande cha wavu kisicho na chini.

“Kama ni makumbusho, mjomba, chukua vilivyokufa,” alisema. “Vilivyo hai vina kazi kesho.”

Wanawake walicheka, nami nikacheka nao kwa kuchelewa. Njiani kurudi, nikiwa juu ya magunia, niliwaza kwamba pengine hakuna la kuongeza juu ya neno hilo la mvuvi. Halafu nikaona haya kwa kuwaza hivyo, kwa sababu nilikuwa tayari natafuta namna ya kulisema mbele ya Bwana Utamaduni kama vile ni langu.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Bibi anaosha mitungi ya pombe. Alikuwa amechangamka. Ulezi ulikuwa umeshalowekwa. Nilipomwamkia aliniitikia marahaba ndefu, akaniita mume wangu, kama wanavyowaita bibi wajukuu zao wa kiume, akaniambia nikaoge vumbi kwa sababu nyumba ina shughuli. Serikali imemkumbuka babu yako, alisema.

Alinisimulia akiendelea kusugua. Nilipokuwa ziwani, Bwana Utamaduni alifika na mwenyekiti wa kijiji. Waliomba shamba lake la kando ya barabara, lile ambalo Babu alilifungua kwa mkono wake mwaka waliooana, walifanye makumbusho. Bibi alikuwa amengoja miaka mingi kumfanyia Babu makumbusho yake. Kila mwaka baba zangu wadogo walisema kahawa haina bei, wasubiri, na kaburi likabaki la udongo. Sasa serikali yenyewe inakuja na saruji. Akakubali mbele ya mwenyekiti, na siku mbili baadaye nguzo na seng'enge zikateremshwa.

Shamba lile lilikuwa ndiyo riziki yake yote. Kahawa ilikuwa ya Babu, na Babu alipokufa iliwaendea wanawe. Maharage ya ngoro yalikuwa yake mwenyewe, ya kula na ya kuuza. Kwa maharage hayo alinunua sabuni na chumvi bila kumwomba mtu, na kwa maharage hayo, sitaki kulificha, nilikwenda chuo na sanduku la bati na blanketi jipya.

Nilimwambia ukweli jioni ileile, kabla hajaweka ulezi kwenye moto. Nilimweleza kwa maneno mafupi, maana ziwani nilishajifunza. Kwamba Babu hatajwi. Kwamba shamba litazungushiwa uzio ili wageni waje walitazame. Kwamba halitalimwa. Aliendelea kuosha mtungi, akauinamisha, akamwaga maji.

“Kwa hiyo marehemu ni nani?”

“Hakuna marehemu, Bibi.”

“Makumbusho bila marehemu.” Aliulaza mtungi kifudifudi. “Basi kamwambie afungue uzio. Mimi nilitoa shamba kwa ajili ya mume wangu, sikutoa kwa ajili ya kutazamwa.”

Nilikwenda mjini kesho yake. Njia nzima nilipanga maneno, nikayapangua. Bwana Utamaduni alinisikiliza kwa upole, jambo ambalo lilinivunja nguvu zaidi kuliko kama angefoka. Alisema amemwelewa mama yetu, wazee ndivyo walivyo na maneno. Lakini alikubali mbele ya uongozi, seng'enge imeshanunuliwa, mkoa umeshaarifiwa. Na shamba halijachukuliwa, alisema, bado ni la kwake. Limehifadhiwa tu. Kisha, kama mtu anayenifariji, akanionyesha kibao kilichokuwa kinakauka rangi ukutani:

HIVI NDIVYO WAMATENGO WALIVYOLIMA

Nilikisoma mara kadhaa. Nilimwambia kwa adabu kwamba kuna kosa dogo. Ngoro bado zinalimwa. Hata mama yake mwenye nyumba aliyopanga analima. Tungeandika wanavyolima.

“Kijana, umesoma lakini hujaenda sokoni,” alisema. “Ukiandika wanavyolima, mtalii atauliza kwa nini alipe kiingilio. Si atatazama ya wengine bure akiwa ndani ya gari?”

Jambo linaloniuma hadi leo ni kwamba hesabu yake ilikuwa sawa. Kitu kinachotumika hakina kiingilio. Ili shamba la Bibi liwe na bei, ilibidi kwanza life. Na hilo lote lilibebwa na herufi mbili, li badala ya na. Darasani Kigonsera tulifundishwa li ni ya wakati uliopita, tukapewa mifano: mama alipika, baba alilima. Hakuna aliyetuambia kwamba mtu anaweza kuchukua li na kuigongomelea mlangoni pa shamba la jirani.

Mwezi uliofuata waliletwa vibarua kukitengeneza kituo. Mabua ya mahindi yalifyekwa, majani yaliyoota kwenye matuta yaling'olewa, kisha wakafagia. Walifagia mashimo kwa mafagio ya chelewa, moja baada ya jingine, kama ua wa kanisa. Kwa kweli yalipendeza. Udongo mwekundu ulibaki uchi, miraba yote ikionekana hadi bondeni. Kila mtu kijijini alijua mvua za Desemba zitafanya nini juu ya udongo ule usio na nyasi chini wala mizizi juu. Nilijua mimi, niliyelaza nyasi pale tangu niko darasa la nne. Nadhani hata Bwana Utamaduni alijua, kwa maana na yeye alizaliwa upande wa Songea na mama yake ni mkulima. Nilimkumbusha. Alisema kitu cha kihistoria hakiguswi, ndiyo kanuni, aliisikia Arusha.

Bibi hakugomba tena. Alichagua kunitania, na utani wake ulikuwa mkali kuliko ugomvi. Nikitoka asubuhi kwenda kukaa kwenye kiti changu langoni, na daftari jipya la kuandikia wageni, alinisindikiza hadi uani.

“Mume wangu, leo mtalii wako anakuja na nini, nimpikie?”

Nikirudi jioni aliniuliza kama marehemu ameamkaje. Watu waliopita barabarani na majembe begani nao walinisalimu kwa pole na kazi, wakivuta ile pole. Sikuwa na la kufanya pale isipokuwa kufikiri. Nilitunga maelezo yangu ya Kiingereza na kuyarudia. Nilijiuliza kama mtalii mzee anafaa kuamkiwa shikamoo kwa Kiingereza, na kwa maneno gani. Niliangalia magari. Yaliyopita yalikuwa malori ya kahawa.

Mvua zilikuja kama zinavyokuja. Matuta yalilainika, yakalegea, yakaanza kukaa chini. Shimo moja liliungana na lililo chini yake, na hayo mawili yakaungana na la tatu. Sehemu ya juu, iliyo tambarare kidogo, ilijishikilia. Sehemu ya chini ilipata mfereji mwembamba ambao kila mvua iliuongezea kina. Nilimpelekea habari Bwana Utamaduni. Aliniambia niandike ripoti. Niliandika.

Machi ikafika, na milima yote ikaamka. Hapa kwetu kazi hiyo haifanywi na mtu peke yake. Watu hualikana, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na mwenye shamba hupika pombe. Tunaiita ngokela. Siku moja ngokela ilikuwa kwa jirani yetu, shamba linalopakana na seng'enge, na Bibi alikwenda. Nilimwona kutoka kwenye kiti changu, amefunga khanga kiunoni, anarusha udongo juu ya nyasi kwenye shamba la mtu mwingine huku lake likimtazama ng'ambo ya waya.

Ndiyo siku watalii walipokuja. Hawakuja kwetu, walikuwa wanakwenda ziwani na gari lao likakwama kwenye tope la mteremko. Wanaume waliacha nyasi wakaenda kusukuma. Wazungu wanne walishuka, wakasimama kando ya barabara, wakaliona shamba la jirani: wanaume mstari kwa mstari, wanawake nyuma yao, wimbo, mtungi kivulini. Walitoa kamera zao. Waliomba kwa ishara waingie, wakaingia. Mmoja, mama wa makamo, alipewa jembe, akachimba vibaya, na wanawake wakamcheka hadi wakakaa chini. Bibi alimshika mikono kumwonyesha. Walipigwa picha pamoja.

Mimi nilikuwa nimeshasimama langoni, shati limechomekwa. Gari lilipotoka topeni, walipita karibu yangu, nami nikawakaribisha na kuwaeleza kwamba hapa ndipo kwenye kituo rasmi chenyewe. Yule mama alitazama juu ya bega langu, akaona udongo mtupu na mfereji. Aliniuliza kwa upole mkubwa palikuwa na nini hapa. Nilianza maelezo yangu, yale niliyoyakariri. Sentensi ya kwanza ilianza na Wamatengo walikuwa. Akanikatiza kwa tabasamu akisema ahsante, wameshaona kule, ni kuzuri sana. Wakapanda gari. Daftari langu lilibaki jeupe.

Jioni Bibi alipakua chakula. Alipomaliza kula alisema, bila utani, kwamba maharage hayapandwi Mei.

Siku iliyofuata alikwenda kwa katekista kuomba nia ya misa. Katekista aliuliza marehemu anaitwa nani. Bibi akataja jina la shamba. Huyo mzee wa watu alimtazama, akasema misa haisomwi kwa ajili ya udongo. Walibishana, akanisimulia katekista mwenyewe baadaye, hadi wakafikia mapatano: misa hakuna, lakini jumuiya itakuja nyumbani kusali rozari kumwombea Babu na wote waliotangulia, na Bibi akitaka kumweka mwingine moyoni, hilo ni lake na Mungu. Akaloweka ulezi mwingine, akapika pombe. Akatuma watu kwa baba zangu wadogo, kwa ndugu zake wa Matiri, kwa shangazi Mbaha. Ujumbe ulikuwa mmoja: njooni kwenye makumbusho.

Walikuja wote. Nadhani wengi walidhani ni ya Babu, kama yeye mwenyewe alivyodhani mwanzo. Wanaume kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, khanga kichwani. Rozari ilisaliwa hadi mwisho. Pombe ilikuwa inaanza kuzunguka tuliposikia pikipiki.

Alikuwa Bwana Utamaduni, amekuja kunipa habari kwamba mkoa utaleta wageni mwezi wa saba na kituo kiandaliwe. Aliona watu wamekaa, akaona khanga, akazima pikipiki mbali na kuisukuma. Akavua kofia. Alifanya kila ambacho mtu aliyelelewa vizuri hufanya: alipita akitoa mkono mmoja mmoja, akaketi mwisho wa benchi, akapokea kata ya pombe kwa mikono miwili, akakaa kimya kwa heshima, kisha akaweka noti kwenye sahani iliyokuwa mbele ya Bibi.

“Poleni sana. Sikupata habari. Ni nani aliyetutoka?”

Hakuna mwanaume aliyeinua macho.

“Shamba, baba,” alisema Bibi. “Wewe ndiye uliyelizika. Na leo umekuja na rambirambi, tunashukuru, hukututupa.”

Kwenye mikeka mtu alicheka ndani ya khanga yake, kisha mwingine. Bwana Utamaduni alinitafuta kwa macho. Akaniuliza kama hii ni kazi yangu.

“Mwache huyo, ni mume wangu,” Bibi alisema. “Hajui hata kulia.”

Kisha alimgeukia yule mkubwa wa baba zangu wadogo, akamwambia afanye kinachofuata. Baba mdogo aliinuka. Sijui kama alikuwa ameambiwa mapema au alishikwa na desturi tu, kama wengine wote. Alisema matanga yameanuliwa. Alisema mali ya marehemu haikai bila mtu. Alitazama ndugu, akauliza kama kuna mwenye neno, na kwa kuwa hakuna, akasema mrithi ni mama.

“Mama, lakini lile ni eneo la makumbusho,” alisema Bwana Utamaduni. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya mtu anayeongea kanisani.

“Na makumbusho tumemaliza. Kwenu kuna makumbusho yasiyoisha?”

Kwao hayakuwepo. Alikuwa amekunywa pombe ya matanga, ametoa rambirambi mbele ya mashahidi, na kata bado ilikuwa mkononi. Alinywa kilichobaki, akaaga kwa adabu, akasukuma pikipiki hadi barabarani ndipo akaiwasha.

Kesho yake seng'enge ilikunjwa. Wanaume walileta nyasi, nami nililaza mistari pamoja nao, na mikono yangu ilikumbuka kazi kabla ya kichwa. Lakini tulilaza sehemu ya juu tu. Chini hapakuwa na pa kulaza. Ule mfereji mwembamba ulikuwa umekuwa korongo, mtu mzima akisimama ndani unaona kofia tu. Udongo ambao Babu aliukusanya tangu mwaka wa harusi ulikuwa umeteremka kwenye kijito, na kijito kinakwenda mtoni, na mto unakwenda ziwani. Bibi alisimama ukingoni. Alisema atapanda matete humo, angalau apate nyasi za kulaza juu. Mwezi wa saba alivuna, na mavuno yalitosha kula. Ya kuuza hayakuwepo. Sabuni tangu hapo ananunuliwa na wanawe, na huwa anaomba.

Wageni wa mkoa hawakuja. Mimi sikuitwa tena ofisini. Ghala lilikodishwa kwa mnunuzi wa kahawa, na siku nilipopita nyuma yake niliona mgono wa ziwani umefanywa tenga la kuku. Bwana Utamaduni alihamishiwa mkoani, kwenye makumbusho makubwa ambako, nasikia, watalii wanakuja kwa mabasi. Sina kinyongo naye. Nimeandika sentensi hiyo mara tatu na kila mara nimeifuta, basi naiacha.

Kibao hakikung'olewa. Bibi alikataa, anasema nguzo zake ni nzuri kwa kuanikia.

Mwaka huu wageni wamekuja. Ni wataalamu wa udongo, wa kwetu na wa kigeni, na gari zuri. Wamekuja kutazama korongo. Wanasema ni mfano mzuri sana wa mmomonyoko, watu watapenda kuuona, wataleta wengine. Walihitaji mtu wa kutafsiri, nikaitwa. Walipiga picha kutoka pande zote, wakapima kina, na mgeni mmoja akaniuliza kile kibao kimeandikwa nini.

Nilikitazama kile kibao. Juu, Bibi alikuwa ameinama, anarusha udongo juu ya nyasi, na hakugeuka. Kwa upande wake lile neno, walivyolima, lilikuwa bado la uongo. Kwa upande tuliosimama sisi, ukingoni, nilitafuta kosa nililoliona siku ile ofisini na sikuliona tena. Nikamtafsiria kama kilivyo.